Kabla ya Simba Palikuwa na Maua: Maisha ya Bibi Joy Adamson wa Isiolo

Mtaje Joy Adamson mbele ya watu kumi, na tisa kati yao watakutajia simba. Watakusimulia habari za Elsa, yule simba jike aliyelelewa nyumbani huko Isiolo mithili ya paka, kisha akarudishwa mwituni akawinda na kuzaa kama simba wenziwe. Wala si ajabu. Kitabu cha Born Free kilichotoka mwaka 1960 kilienea dunia nzima, na filamu yake ya mwaka 1966 ikamfikisha Elsa hata kwa watu wasiojua kusoma. Lakini ngurumo ya simba ni kubwa, nayo imeifunika kazi nyingine ambayo mama huyu aliianza karibu miaka ishirini kabla Elsa hajazaliwa. Kazi hiyo ni ya kuchora mimea ya nchi yetu, jani kwa jani na ua kwa ua, ili mwenye kuuona mti porini aweze kuufungua ukurasa na kusema kwa yakini: ni huu.

Leo napenda kuisimulia kazi hiyo, pamoja na faida yake moja ambayo wachache huifikiria. Faida yenyewe ni kuwatambua vipepeo.

Bibi Joy alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria. Mji huo siku hizi huitwa Opava, na umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa jina la Friederike Victoria Gessner. Walitengana yeye angali mdogo, akalelewa na bibi yake mjini Vienna. Huko alisomea piano, akajifunza kujalidi vitabu, kushona nguo na kuchonga sanamu; hata udaktari aliunyemelea. Mikono ilifunzwa mambo mengi, ila haikuwa imepata la kushika.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Kiyahudi. Siku hizo Wanazi walikuwa wakizidi nguvu Ujerumani na jirani zake, na Myahudi mwenye macho alikwisha kuona kuwa hapakaliki. Ndipo mumewe alipompeleka Kenya mwaka 1937, atazame kama pana mahali pa kuhamia. Katika meli alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na mambo yakageuka. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na huyo Bally. Sisi hatukukaa hapa kuhukumu ndoa za watu, lakini hatuna budi kuitaja hii, kwa kuwa ndiyo iliyompa vitu viwili alivyobaki navyo maisha yake yote: jina la Joy, ambalo Bally ndiye aliyemwita, na brashi ya rangi za maji.

Mwaka huo huo wa 1938 Makumbusho ya Coryndon ya Nairobi, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa, yalipeleka msafara wa wataalamu katika vilima vya Chyulu, huko nyuma ya Kibwezi. Bally alikwenda kwa ajili ya mimea. Daktari V. G. L. van Someren, ambaye jina lake litaturudia mbele, alikwenda kwa ajili ya ndege na vipepeo. Katika safari za miaka hiyo ndipo Joy alipoanza kuchora kwa dhati.

Pengine msomaji atauliza, kulikuwa na haja gani ya kuchora, na wataalamu wanayo desturi yao ya kukausha mimea baina ya karatasi? Haja ilikuwapo tena kubwa. Mmea uliokaushwa huhifadhi umbo, lakini rangi humtoka kama zinavyotoka rangi za kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Ua lililokuwa jekundu hugeuka kahawia, la manjano hugeuka kahawia, na jeupe nalo hugeuka kahawia. Bingwa aliye na miaka thelathini katika kazi hiyo atalijua kwa hesabu ya petali na jinsi jani lilivyokaa kitini. Mimi na wewe hatutalijua. Ndiyo maana mchoraji alitakiwa awe papo hapo, kwenye joto na vumbi, alichore ua likiwa hai kabla halijanyauka, asilipambe wala asilipunguze. Kwenye Ukambani na kaskazini ya Kenya ua lililochumwa asubuhi halifiki adhuhuri.

Tena kuna jambo ambalo sisi tuliokaa mikekani mbele ya masheikh tutalielewa upesi. Picha za viumbe wenye roho zina maneno yake kwa maulamaa, lakini mti na ua havikuleta ubishi mkubwa. Mchoro wa mmea ni ilimu iliyowekwa machoni.

Michoro yake ilitiwa katika kitabu cha Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Daktari Jex-Blake, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho tegemeo la kila mwenye bustani katika nchi hizi. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo hiyo. Yaani miaka tisa kabla ya Elsa tayari alikuwa mtu wa kupewa dhahabu.

Wakati huo alikwisha kuwa mkazi wa Isiolo. Ndoa ya Bally nayo haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa mara ya tatu, na George Adamson, mzaliwa wa Bara Hindi mwaka 1906, aliyeingia Idara ya Wanyama mwaka 1938 na kukabidhiwa sehemu za mpaka wa kaskazini. Makao yao yalikuwa nje kidogo ya mji wa Isiolo, na kutoka hapo George alizunguka kwa gari, kwa ngamia na kwa miguu katika nchi ambayo mtu huweza kwenda siku mbili asione paa la nyumba. Joy alifuatana naye mara nyingi, makaratasi na rangi zimo katika mizigo.

Isiolo si mji wa kigeni kwa Mwislamu wa pwani. Wasomali waliokuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa makazi hapo baada ya vita, wakajenga na kusali, na pamoja nao wamo Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Ni mlango baina ya nyanda za juu zenye mvua na jangwa lenye kiu. Ukishuka kutoka Meru hewa hugeuka ghafula kama uliyefunguliwa tanuri, na mbele yako ni miiba, mawe, na mto Uaso Nyiro ukipita kandokando ya Samburu, Buffalo Springs na Shaba.

Katika nchi hiyo umo mti ambao hakuna haja ya kumjulisha nao msomaji wa ukurasa huu. Ni mswaki. Ule ule tunaotafuna kabla ya sala, uliopendekezwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ndio uliojaa kwenye kingo za mito na mabonde makavu ya huko. Wataalamu huuita Salvadora persica. Na hapa ndipo vipepeo vinapoingia katika hadithi.

Kiwavi si mla hovyo. Kiwavi wa kipepeo fulani hula mmea fulani, au jamii ya mimea michache iliyo ndugu, na akiwekwa juu ya mwingine hufa njaa akiwa amekalia majani. Mama yake hulijua hilo, kwa hiyo hatagi mayai ila juu ya mmea unaofaa. Kila mwenye mlimau au mchungwa uani mwake, awe Lamu au Mombasa, amewaona viwavi wale ambao wakiwa wadogo hufanana na mavi ya ndege, kisha hugeuka kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hao ndio watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Ukiujua mlimau, umekwisha kumjua nusu.

Basi na mswaki nao unao wake. Katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya, na ng'ambo huko Omani na Yemeni, wamo vipepeo wadogo wa jamii ya Colotis ambao viwavi wao hula majani ya mswaki. Waingereza, walipowapa majina baadhi yao, waliwaita Waarabu, na sioni kuwa walikosea sana, kwani ni wageni waliozoea pande zote mbili za bahari kama sisi. Mtu aliyesimama Isiolo karibu na mswaki, akamwona kipepeo mdogo akizungukazunguka chini chini na kutua majanini, hana haja ya kupekua kurasa za vipepeo vya Afrika nzima. Mti umemwambia aanzie wapi.

Nalisema hili kwa sababu ya lugha yetu. Kiswahili kina jina la mswaki, la mkwaju, la mbuyu, la mkoko, la mvule. Bibi zetu walijua miti mia na dawa zake. Lakini kipepeo ni kipepeo tu, awe mweusi, awe mweupe, awe na mkia au hana, na arukaye usiku kwenye taa ni nondo, basi. Kenya peke yake ina aina za vipepeo zinazokaribia 900, na nondo ni wengi kupita hao mara kadhaa. Mswahili anayeanza na kipepeo anaanza na neno moja. Anayeanza na mti anaanza na hazina.

Van Someren aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1974, miaka miwili kabla ya kufa kwake, alichapisha orodha ya mimea inayoliwa na viwavi wa vipepeo vya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata D. G. Sevastopulo, aliyekuwa mkazi wa Mombasa yetu hapa, naye akachapisha orodha yake, na yeye akaingiza na nondo. Orodha hizo ni majina matupu, jina la mdudu na jina la mmea. Ili zikufae, sharti uweze kuujua mmea wenyewe ukiuona. Hapo ndipo unapomhitaji mtu kama Joy Adamson.

Mwaka 1961 kilitoka kitabu kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya, Kenya Trees and Shrubs, kilichoandikwa na Ivan Dale na P. J. Greenway. Picha za rangi zilizomo ni za Joy. Wema mwingine wa kitabu hicho ni kwamba waandishi hawakutosheka na majina ya Kilatini, wakaandika na majina ya wenyeji: ya Kiswahili, ya Kiborana, ya Kisomali na mengineyo. Mwaka 1994 Henk Beentje alikifanya upya kwa jina la Kenya Trees, Shrubs and Lianas, na majina ya wenyeji hakuyaacha. Kwa hiyo mchungaji wa Isiolo asiyejua Kilatini hata neno moja anaweza kuulizwa jina la mti kwa lugha ya mama yake, na mwenye kitabu akalifuata jina hilo hadi kwenye ukurasa wake.

Kuhusu vitabu vya vipepeo vyenyewe, msomaji anayetaka kununua nitamweleza kwa ufupi nionavyo. Kitabu cha John Williams cha mwaka 1969 kilitaka kutia Afrika yote katika mfuko wa koti, na Afrika kusini ya Sahara ina aina zaidi ya 4,000. Ni kitabu kizuri cha kumwanzisha mtoto, lakini yaliyoachwa ni mengi kuliko yaliyotiwa. Kile cha Torben Larsen, Mdenmark, kilichotoka mwaka 1991, ni cha Kenya peke yake, nacho ndicho mwamuzi wa mwisho. Ila ni kizito, na si cha kubeba juani. Huyu Larsen pamoja na mkewe walikwisha kuandika juu ya vipepeo vya Omani mwaka 1980, kwa hiyo mwenye jamaa zake Maskati na apeleke salamu. Cha kubeba ni kile kidogo cha Dino Martins na Steve Collins cha mwaka 2016, cha Afrika Mashariki. Vyote ni vya Kiingereza.

Kwa vyovyote, asinunue mtu kitabu cha Afrika Kusini au Afrika Magharibi akadhani kipepeo ni kipepeo. Mfano ni yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole bila hofu, ambaye kiwavi wake hula ile mimea ya utomvu mweupe, ukiwamo ule wenye majani mapana ya kijivu na matunda yaliyofura kama puto. Utomvu huo ni sumu, na kipepeo anabaki na uchungu wake mwilini, ndiyo maana ndege humwacha. Katika picha za vitabu vingi ncha za mbawa zake ni nyeusi zenye mabaka meupe. Huku kwetu Afrika Mashariki, hasa pande kavu, wengi hawana ncha hizo nyeusi kabisa. Mwenye kitabu cha mbali atadhani amegundua kiumbe kipya! Juu ya hayo yuko kipepeo mwingine asiye na sumu yoyote, ambaye jike lake limevaa rangi zile zile ili ndege waliogope, na limemwiga wa aina zote mbili, mwenye ncha nyeusi na asiye nazo. Dume lake halina habari. Ni jeusi lenye mabaka meupe. Ukitazama picha peke yake utadanganyika. Tazama jike linataga wapi: la pili haliendi kwenye utomvu.

Turejee kwa Joy. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya kwa mavazi na mapambo yao, kabla hayajatoweka. Alizunguka miaka kadhaa, bara na pwani, akarudi na mamia ya picha, na mwaka 1967 akazitolea kitabu, The Peoples of Kenya. Jicho ni lile lile la maua: kila ushanga uko mahali pake. Wako wanaosema aliwachora watu kama mimea, na mimi naona neno hilo lina ukweli wake, lakini leo mjukuu akitaka kujua pambo la bibi yake lilikaaje, huenda hapo.

Kisha akaja simba. Tarehe 1 Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, ikaonekana ana watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa hifadhi ya wanyama ya Rotterdam, wa tatu akabaki Isiolo, naye ndiye Elsa. Aliyewekwa kuwa mlezi wa watoto hao alikuwa Nuru, mtunza bustani wa nyumba hiyo. Elsa alifika hata pwani yetu, pande za Kiunga, akacheza na mawimbi. Baadaye aliachiwa huru upande wa Meru, akazaa watoto watatu Desemba 1959, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Fedha nyingi za vitabu alizipeleka Joy katika kuhifadhi wanyama. Baada ya Elsa alimlea duma aliyeitwa Pippa, na mwisho chui aliyeitwa Penny.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Waliomwandikia maisha yake hawakuficha kuwa alikuwa na hasira za haraka, na kwamba watumishi walizionja na mumewe pia. Miaka ya mwisho yeye na George waliishi mbalimbali, George akiwa Kora na simba wake, Joy akiwa Naivasha, na baadaye akarudi katika mkoa ule ule wa Isiolo, hifadhi ya Shaba, pamoja na yule chui.

Huko Shaba ndiko alikouawa, tarehe 3 Januari 1980, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka sabini. Habari za kwanza zilizoenea zilisema ameuawa na simba, na dunia ikaziamini kwa kuwa zilikuwa hadithi inayofaa. Uchunguzi ukaonyesha majeraha ya kitu chenye ncha. Mwaka 1981 mahakama ilimtia hatiani kijana aliyepata kuwa mfanyakazi wake. Hakuhukumiwa kunyongwa kwa sababu ya udogo wa umri wake. Majivu ya Joy yalitawanywa huko Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwezi Agosti 1989.

Nyumba ya Naivasha imekuwa mahali pa elimu na wageni huizuru. Michoro ya watu na ya mimea iko chini ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mwenye kwenda huko akitoka Isiolo au Garissa, na aende na jani la mti wa kwao alilolibana ndani ya daftari, pamoja na jina lake alilolisikia kwa wazee. Na kama aliona kiwavi juu yake, aandike rangi yake pembeni, na tarehe.